Bahasha Iliyoandikwa Mgongo

Tarehe kumi na moja Februari, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nilimpoteza mume wangu Mghanga. Saa za Doha na saa za kwetu Wundanyi ni zile zile, kwa hiyo najua nilikuwa nikifanya nini wakati huo. Nilikuwa ghorofa ya kumi na nne ya hoteli ninayofanyia kazi, West Bay, nikitandika kitanda cha watu wawili. Mto wa kwanza nilikuwa nimeshauweka, wa pili nimeushika mkononi. Simu ilikuja saa moja baadaye, nikiwa chumba kingine, lakini nilihesabu nyuma. Tangu siku hiyo mto wa pili umekuwa mzito kwangu.

Naandika haya kwa sababu nilipougua sikupata mtu wa kuniambia. Mimi niliishia kidato cha pili. Mambo ya madaktari siyajui na sitayaeleza. Nitaeleza yaliyonipata, na pale nilipokosea mwenyewe nitasema nilikosea.

Nilipewa siku kumi. Nilimzika mume wangu, nikawaacha watoto wangu wawili kwa nyanya yao, nikarudi kazini. Watu wa chumba chetu walinipokea na chai na chapati. Tulikuwa watatu wa kudumu. Kuna Mama Shiro, Mkikuyu wa Nyeri, mkubwa wetu kwa umri, aliyefika Doha kabla yetu sote. Kuna Zaituni, Mganda wa Jinja, anayefanya kazi kwenye chumba cha kufulia. Na mimi, Wakesho, ambaye wao huniita Mama Mghoi kwa jina la binti yangu. Kitanda cha nne hubadilisha wenyewe.

Machi nilifanya kazi vizuri. Aprili pia. Nilidhani nimeshalia yote kule nyumbani. Kumbe huzuni ilikuwa imebaki nyuma kidogo, ikija kwa miguu. Mei ilinifikia. Nilianza kulia juu ya vitanda vya wageni. Ilikuwa lazima nibadilishe shuka mara mbili kwa sababu ya machozi yangu. Chakula kilikuwa kama pamba. Nilikuwa nasugua bafu kwa sabuni ya ndimu ambayo wenzangu walilalamika kwamba ni kali, mimi siisikii hata harufu.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda basi peke yangu nikaenda kuona daktari, bila kumwambia mtu. Nilikaa kwenye viti vya plastiki kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Mbele yangu alikaa dereva mmoja wa Nepal akikunja na kukunjua karatasi yake ya namba. Hatukuongea, lakini namba yake ilipoitwa alinipungia mkono kama mtu anayepanda gari akaniacha kituoni. Daktari aliniuliza maswali, mimi nikalia badala ya kujibu. Alinipa dawa ya mfadhaiko, kidonge kimoja kila asubuhi, akasema nivumilie wiki kadhaa.

Nilivumilia. Mdomo ulikauka, tumbo lilinisumbua, usingizi ulikuja mchana. Halafu asubuhi moja ya Julai, joto la nje likiwa limeziba vioo kwa ukungu, niliinama kwenye bafu nikasikia harufu ya ndimu. Nilisimama pale na brashi mkononi, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Sijui kama nimewahi kufurahia sabuni hivyo.

Sasa naja kwenye kosa langu.

Ile dawa niliificha. Miaka michache kabla ya hapo kulikuwa na msichana kwenye korido yetu aliyeanza kupiga kelele usiku. Baada ya wiki mbili hakuwepo. Hakuna aliyejua alirudishwa kwa nini hasa, lakini sisi tulisema amerukwa na akili, hata mimi nilisema, na tukacheka. Niliogopa yasemwe hayo kwangu. Mghoi na mdogo wake walikuwa wamebaki na mzazi mmoja, na huyo mmoja alikuwa Doha kwa kibali cha kazi. Nilichana boksi lenye jina langu vipande vidogo. Vidonge nikavitia kwenye chupa ya vitamini iliyokwisha. Kila asubuhi nilimeza mbele ya wenzangu, na Zaituni akawa ananitania.

“Nyabo, hizo vitamini zako ni za nini? Mbona hunenepi?”

“Ni za nywele,” nilimjibu.

Agosti bega langu la kulia lilianza kuuma. Kazi yetu ni kuinua kona za magodoro kutwa nzima, na godoro la hoteli si la sponji kama la nyumbani. Maumivu yalishuka mpaka kiunoni. Hapo ndipo likaja bati.

Wanaoishi kama sisi watalijua. Ni bati la biskuti. Kila anayetoka likizo hurudi na dawa za kwao, kwa sababu tunaamini dawa ya nyumbani ndiyo inayotujua miili. Muuza dawa wa nyumbani hukata karatasi ya vidonge kwa mkasi, akakutilia kumi kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaandika moja mara tatu. Jina la dawa hubaki kwenye kile kipande alichokata. Mama Shiro alikuwa ndiye mtunzaji wa bati, na juu ya kila bahasha aliandika kwa kalamu ya wino mahali panapouma. Kichwa. Tumbo. Kifua. Mgongo. Watu wa korido nzima walimwita Daktari, naye alipenda.

“Kunywa hii ya mgongo,” aliniambia, akinipa bahasha yote. “Nililetewa na dada yangu. Hii si mchezo. Ng’ombe akimeza hii anaweza kucheza mpira.”

Nilimeza, na maumivu yakapungua kweli. Nisimsingizie.

Wiki iliyofuata msimamizi wetu, mwanamume mpole, alinipeleka kliniki ili niandikiwe kazi nyepesi. Alikaa kiti cha pembeni akijaza fomu yake. Daktari aliniuliza, “Kuna dawa nyingine unayotumia?”

Nilimtazama msimamizi. Alikuwa ameinamia fomu.

“Hapana,” nilisema.

Nikapewa vidonge vya maumivu, vyeupe. Vya bati vilikuwa vyekundu. Kwa kuwa rangi ni mbali, niliviona kuwa ni dawa mbili tofauti, nikavimeza vyote: vyeupe asubuhi na jioni, vyekundu katikati bega likizidi. Na kile kidonge changu cha siri juu yake.

Septemba nilianza kuchoka uchovu ambao sikuujua. Niliinua shuka nikasikia moyo unapiga masikioni. Nilipanda ngazi nane nikakaa ya tisa. Viganja vyangu vilipauka kama vya mtu aliyeshinda kwenye maji. Choo changu kikawa cheusi, kinang’aa kama lami mbichi, na harufu yake haikuwa ya kawaida. Sioni aibu kuliandika hili, maana kama ningelisema kwa mtu mmoja tu nisingefika nilikofika. Nilijiambia ni maini ya kantini. Nilijiambia ni huzuni. Mtu aliyefiwa hupata urahisi huo, kila kitu anakiita huzuni.

Ijumaa moja asubuhi, maana Doha ndiyo siku ya mapumziko na ibada yetu huwa siku hiyo, tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani Abu Hamour. Nimeshavaa kitenge changu, Mama Shiro anafunga kilemba mbele ya kioo, Zaituni bado kajifunika kwa sababu yeye huenda msikitini baadaye. Niliinama kuvaa viatu. Nakumbuka kiatu kimoja. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, Zaituni amenishika kichwa, analia kwa Kiganda, na Mama Shiro anapiga simu ya gari la wagonjwa huku kilemba kimemwangukia shingoni.

Hospitali waliniwekea damu, mifuko miwili. Sijui ilikuwa damu ya nani. Niliitazama ikishuka tone kwa tone nikawaza kwamba mahali fulani katika mji huu kuna mtu, labda Mfilipino, labda Mwarabu, anatembea na hajui kwamba Mtaita mmoja amelala hapa anampokea. Nilimwombea bila jina. Kesho yake walinipitisha mrija wenye kamera mdomoni hadi tumboni, wakaona kidonda kinachovuja, wakakiziba.

Mapokezi ya dharura walikuwa wameniuliza kuhusu dawa. Nilitaja vile vyeupe vya kliniki tu. Kuna nyingine? Hapana. Daktari wa wodi naye akauliza, pole pole, akiwa amekaa kabisa ukingoni mwa kitanda. Hapana. Kwa hiyo zilikuwa mara tatu. Mimi ni mtu wa kanisa, najua nani mwingine alikana mara tatu, na kwangu hata jogoo hakuwika.

Alikuja Sista Akinyi.

Alikuwa muuguzi wa zamu ya mchana, mwanamke wa Kisumu, mrefu, mwenye viatu vya mpira visivyotoa sauti. Siku ile Zaituni alikuwa amekuja kuniona, ameniletea uji kwenye chupa ya chai, taulo, na ile chupa yangu ya vitamini. Alidhani mgonjwa ndiye anayezihitaji zaidi. Sista Akinyi aliichukua kutoka mezani, kwa kuwa mgonjwa haruhusiwi kujiwekea dawa zake, akaifungua na kutazama ndani. Alimwambia Zaituni, “Dada, chini kuna chai nzuri ya karak. Nenda ukunywe, urudi baada ya nusu saa.”

Zaituni alipotoka, Sista alivuta pazia.

“Mama, hizi vitamini zimechorwa namba. Ni vitamini gani hii?”

Nilivuta shuka mpaka kidevuni.

“Hapa ni mimi na wewe. Mimi nazijua hizi kwa sura. Lakini nataka uniambie wewe.”

“Nikisema mtanirudisha nyumbani,” nilisema. “Nina watoto.”

“Nani atakurudisha? Mimi?” Alicheka kidogo, kisha akaacha. “Sikiliza. Siwezi kukuahidi mambo ya kampuni yako, siyajui. Ninachojua ni hiki. Kesho kutwa unatoka hapa. Ukitoka na siri hii, bega litauma tena, utameza tena, na utarudi. Ama hutarudi. Hao watoto watakuwa na wazazi wangapi?”

Sijawahi kuambiwa jambo gumu kwa sauti ndogo hivyo. Nililia. Halafu nikasema yote: Mghanga, mto wa pili, daktari wa Mei, boksi nililochana, bahasha iliyoandikwa mgongo.

Alinieleza kwa maneno ninayoweza kuyabeba. Vile vyeupe na vyekundu ni ukoo mmoja, na ukoo huo unachubua tumbo. Kile cha mfadhaiko kinaweza kuichelewesha damu kukauka panapochubuka. Kila kimoja peke yake wengi humeza bila shida. Vikikutana, hatari inaongezeka, na mimi nilikuwa nimevikutanisha vitatu. Akasema zipo na dawa nyingine za maumivu, za nguvu zaidi, ambazo zikichanganywa na za mfadhaiko humtetemesha mtu na kumchemsha mwili, hata degedege. “Si kila mtu hupatwa. Wewe limekupata hili la tumbo. Sasa tuliambie daktari.”

Daktari hakunigombeza. Niliisubiri hasira yake mpaka mwisho na haikuja. Aliandika, akaniambia dawa za ukoo ule nisiziguse, akanipa ya kulinda tumbo, na ile ya mfadhaiko akaniambia niendelee nayo hadi yule aliyeniandikia anione. Sista Akinyi aliandika majina ya dawa zangu zote kwenye kadi ndogo ngumu, kwa herufi kubwa, pamoja na zile za kukwepa. “Hii ikae na kitambulisho chako,” alisema. “Ukikosa cha kusema, itoe tu.”

Kumwambia Mama Shiro kulikuwa kugumu kuliko kumwambia daktari. Nilirudi chumbani Jumatatu, nikakaa kitandani, nikamweleza. Alisimama, akalishika lile bati kama mtu aliyeshika mtoto wa wenyewe aliyevunjika mkono.

“Woi. Nilikupa sumu na mkono wangu.”

“Hukunipa sumu. Hukujua nilichokuwa nameza. Nilikuficha.”

“Kwa nini unifiche mimi? Mimi nimekufulia nguo ulipotoka matanga!”

“Niliogopa utaniita kichaa.”

Alikaa. Kisha akasema, akitazama ukuta, “Na mimi ninakunywa ya presha. Mwaka wa nne huu. Nazifungia kwa soksi.”

Zaituni alitoa kichwa kwenye shuka. “Bambi! Kumbe nalala hospitali na sijui! Si mngeniambia nivae nguo nyeupe?”

Tulicheka mpaka kidonda changu kikaniuma. Halafu Mama Shiro alimwaga bati juu ya kitanda. Bahasha nyingi, na hakuna hata moja tuliyoweza kuitaja kwa jina. Tulizitia zote kwenye mfuko, na Ijumaa iliyofuata akampelekea mfamasia azitupe. Sasa bati lina majani ya chai na sindano ya kushonea. Watu wa korido walilalamika mwezi mzima.

Sitaki mdhani kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Mama mkwe alipojua, aliniambia kwenye simu, “Mwanangu, huzuni haina dawa, huzuni ina watu. Tupa hizo tembe, zilitaka kukuua.” Nilimheshimu kupita kiasi, nikaacha ghafla. Siku ya tatu nilisikia kama cheche za umeme kichwani kila nikigeuza macho, na siku ya nne nililia nikiwa nimeshika taulo la mgeni. Nilirudi kwa daktari wa Mei, kwenye viti vile vile vya plastiki. Akanieleza kwamba dawa hizi mtu haziachi kama anavyozima taa, hushushwa kidogo kidogo, na daktari akijua. Akanibadilishia nyingine iliyo salama zaidi kwa tumbo langu, taratibu, wiki kwa wiki, na mpaka Novemba upepo wa baridi ulipofika tulikuwa tumemaliza mabadiliko.

Nilimpigia tena mama mkwe. Nilimwambia, “Mama, ulisema kweli kwamba huzuni ina watu. Daktari ni mmoja wao.” Siku hizi kila Jumapili, kabla ya kunipa watoto, ananiuliza, “Umemeza?” Mghoi anasema nyanya ameiweka alamu kwenye simu ili asisahau kuniuliza.

Kazini sikurudishwa nyumbani. Sijui kama walijua, hakuna aliyeniuliza. Nilihamishiwa kukunja vitambaa vya meza kwa miezi miwili, kisha nikarudi vyumbani. Hilo ni langu, mwenzangu linaweza kumwendea vingine, siwezi kumdanganya. Lakini najua hofu yangu ilinitoa damu nyingi kuliko jambo nililokuwa naliogopa.

Tarehe kumi na moja Februari ilirudi. Nilitandika vitanda kumi na viwili. Kwenye kile cha saa tatu na dakika ishirini niliuweka mto wa pili kwa mikono miwili, nikaupiga-piga, nikaendelea.

Wiki mbili baadaye bega liliamka tena. Ijumaa, baada ya ibada, tulishuka kwenye duka la dawa pale Abu Hamour kabla ya basi. Foleni ilikuwa ndefu, karibu wote watu wa kanisani kwetu, na msimamizi wa zamu yetu wa kike alikuwa watu watatu nyuma yangu. Nilimwambia mfamasia bega linauma. Aliweka pakiti moja kaunta, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele, “Kuna dawa nyingine unayotumia?”

Niliitoa kadi ya Sista Akinyi, pembe zake zimeshalegea.

“Ndiyo,” nilisema. “Ya mfadhaiko. Na niliwahi kutoka damu tumboni.”

Alisoma kadi mpaka chini. Aliichukua ile pakiti, akairudisha kwenye rafu, akaniletea nyingine na kunieleza kiasi. Kisha Mama Shiro akanigusa bega lile zima kwa kidole.

“Songa basi, Mama Mghoi,” alisema, akikunjua karatasi yake. “Na mimi niko na yangu ya kusema.”